Jibu Lililopita Mnara wa Baba

Siku mjomba alipofariki nilikuwa nimeketi mlangoni nikisugua viatu. Kila Jumapili alasiri kazi yangu ilikuwa hiyo: viatu vyangu vya shule, vya mdogo wangu, kisha buti za baba na za mjomba, zilizokuwa zimegandwa na udongo mwekundu wa kilimani. Buti za mjomba nilizisafisha pia, ingawa yeye alikuwa amelazwa, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisizisafishe.

Gari la kampuni ya simu lilisimama mbele ya nyumba. Baba akashuka peke yake, ameshika mfuko wa plastiki wenye shuka na kandambili. Mama alitoka jikoni, mikono ikichuruzika maji.

"Kaka yuko wapi?" aliuliza.

"Mke wangu, keti kwanza."

"Sitaki kuketi. Nimekuuliza, kaka yangu yuko wapi?"

Baba aliuweka mfuko chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Mama akauangalia mfuko, akaziona zile kandambili, akaketi palepale kwenye saruji bila mtu kumwambia tena.

Mjomba alikuwa kaka wa mama, na alikuwa fundi wa minara ya simu kama baba. Watu walimwita Antena kwa sababu ya urefu wake. Alikaa nasi, akila kwetu na kutucheka sote. "Shemeji," alimwambia baba, "wewe ukipanda mnara, mawimbi yanashuka chini kukusubiri." Mimi aliniita Redio, kwa kuwa nilizungumza kuanzia asubuhi hadi nilipolala. Baada ya Jumapili ile nilinyamaza kwa muda mrefu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Ugonjwa aliupata kazini. Mnara mkubwa wa eneo letu umesimama kilimani, katikati ya vichaka, na katika vichaka hivyo wapo mbung'o. Mbung'o ni nzi mwenye kuuma kwa nguvu. Akimuuma mtu anaweza kumwachia vimelea vya malale, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Vimelea hivyo huogelea katika damu, na vikiachwa huingia hadi kwenye ubongo. Hapo mgonjwa husinzia mchana kutwa, hupoteza njia, hukasirika bila sababu, na mwisho hufa.

Mjomba alichelewa kupimwa. Dawa aliyopewa ilikuwa ya zamani, ya kuchomwa kwenye mshipa. Nilipokwenda kumtazama aliniambia, "Redio, ni kama wamenimiminia pilipili ndani ya mkono." Alicheka, lakini midomo yake ilikuwa mikavu. Kabla ya kumaliza dozi alipata degedege, na hakuamka tena.

"Ugonjwa haukumuua," mama alisema baada ya maziko. "Dawa ndiyo iliyomuua."

Tangu hapo neno malale halikutamkwa nyumbani kwetu. Tulilikwepa kama watu wanaokwepa shimo njiani.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha, baba alianza kulala na kijiko mkononi.

Mara ya kwanza tulicheka. Mdogo wangu alimgusa pua, baba akaamka na kuendelea kula. Mara ya pili hakuna aliyecheka. Mama aliacha kutafuna. Alinitazama, nami nikamtazama, kisha sote wawili tukainamisha macho kwenye sahani zetu.

"Ni kazi tu," baba alisema, ingawa hatukuwa tumemuuliza.

Huenda tungeendelea kukaa kimya hivyo hadi mwisho. Lakini kampuni ilileta gari la upimaji kwa mafundi wote wanaofanya kazi kilimani. Wapimaji walimgusa baba shingoni, wakakuta tezi zimevimba. Walichukua damu, kisha wakamwita hospitali wakachukua maji ya uti wa mgongo. Vimelea vilikuwa vimeshafika kwenye ubongo.

Mama na mimi tulikuwepo daktari alipotupa majibu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa uzi. Alimweleza baba kwamba kuna dawa mpya ya vidonge inayofanyiwa utafiti.

"Utafiti?" mama aliuliza. "Yaani mnamjaribia mume wangu?"

"Ndiyo, mama, na sitakuficha," daktari alisema. "Watafiti walianza na maelfu ya kemikali. Waliziweka moja moja kwenye vioo vyenye vimelea, waone ipi inaua. Nyingi hazikufaa. Zilizofaa zikajaribiwa kwa wanyama, na nyingine zikaachwa hapo. Iliyobaki ikamezwa na watu wazima wenye afya waliojitolea, tujue kama ina madhara. Sasa tumefika kwa wagonjwa. Inachukua miaka mingi. Tunajua mengi kuhusu vidonge hivi, lakini hatujajua yote. Ndiyo maana tutamfuatilia kwa muda mrefu."

Akasoma karatasi za maelezo, ukurasa baada ya ukurasa, akisimama kuuliza kama tumeelewa. Baba aliitikia kwa kichwa kila mara.

"Ni vidonge?" aliuliza mwishoni. "Si sindano?"

"Ni vidonge."

"Basi nipe."

Alilazwa, akameza vidonge kila siku baada ya kula huku muuguzi akimwangalia. Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa wazi. Alikula hadi mwisho wa sahani bila kusinzia. Mama alijifanya anaosha sufuria ili tusimwone akilia.

Hospitali ilimpa baba simu ya utafiti. Kila Jumamosi jioni simu hiyo ilileta maswali: Umesinzia mchana? Kichwa kimeuma? Umepotea njia unayoijua? Chini ya kila swali palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa ndugu anayeishi na mgonjwa, aeleze anachokiona. Baba hakupenda maandishi madogo, kwa hiyo kazi ya kusoma na kubonyeza ilikuwa yangu.

"Majibu yanafikaje hospitali?" nilimuuliza siku moja.

Swali hilo lilimfurahisha. "Jibu haliondoki likiwa zima. Simu inalikata vipande vidogo. Kila kipande kinabandikwa namba yake na anwani ya kinakokwenda. Simu inavirusha kwa mawimbi hadi mnarani. Kutoka hapo vinapita kwenye waya uliofukiwa, au vinarushwa mnara hadi mnara, mpaka kwenye mitambo mikuu ya kampuni. Mitambo inasoma anwani na kuvielekeza kwenye kompyuta ya hospitali."

"Na kikipotea kipande kimoja?"

"Kule vinapangwa kwa namba. Wakiona cha saba hakipo, wanaomba: tuletee cha saba. Simu inakituma tena."

"Bila kukasirika?"

"Simu haikasiriki kama mama yako."

"Nakusikia," mama alisema kutoka jikoni.

"Na mnara unaopeleka majibu yako ni upi, baba?"

"Huo huo wa kilimani," alisema, na kifua chake kikapanda kidogo. "Mnara wangu."

Baba aliupenda mnara ule kupita kiasi. Jirani yetu, fundi cherehani, alizoea kupita akipiga kelele, "Mnara wako leo umelala!" Baba alitoka nje mbiombio, hata kama anakula. "Lete hiyo simu. Unaona? Mawimbi yamejaa. Kilicholala ni bando lako!" Hakukubali hata mara moja kwamba mnara una kosa. Mama alisema nyumba ikiungua, baba angemwacha yeye ndani akaokoe mnara.

Miezi ilipita. Kisha jioni moja nilikuta baba ameketi kitandani na kiatu kimoja mguuni. Kingine alikuwa amekishika, akikitazama kama mtu aliyesahau kinafanya kazi gani.

Jumamosi hiyo nikasoma, "Umesinzia mchana?"

Alikuwa amelala tangu adhuhuri. "Bonyeza Hapana," alisema.

Nikamtazama. "Baba..."

"Bonyeza."

Kidole kilikuwa changu, lakini jibu lilikuwa lake. Nilibonyeza. Tulipofika ukurasa wa ndugu alinitaka niuruke. Nilimtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni. Naye aliyasikia yote. Akageuka, akarudi jikoni.

Baadaye nilimsikia baba akimnong'oneza, "Wakijua vidonge vimeshindwa, watanirudisha kwenye dawa ya Antena." Mama akajibu, "Usiwaambie." Hofu yao ilikuwa moja, na wote wawili walikuwa wameiona kwa macho yao. Mimi pia niliiona. Nilipofumba macho niliuona mkono wa mjomba juu ya shuka, na mshipa mwekundu unaopanda hadi kwenye kiwiko.

Wiki kadhaa baba aliendelea kujibu Hapana, huku sasa akianguka usingizini akiwa anazungumza. Shuleni sikusikia masomo. Kila kengele ilipolia niliwaza kwamba nikifika nyumbani nitakuta gari la kampuni limesimama nje.

Kisha maswali yalibadilika. Simu ilimtaka mgonjwa achore mstari kwa kidole kutoka nukta moja hadi nyingine. Baba alijaribu. Mstari wake ulipinda na kuruka. Akaufuta, akajaribu tena, ukawa mbaya zaidi. Mkono haukuweza kusema Hapana.

"Chora wewe," aliniambia.

Nikaificha mikono mgongoni. Sikuwahi kumkatalia baba kitu. "Baba, mkono wangu si wako."

Alinitazama. Sikujua kama atanipiga au atalia. "Basi zima data," alisema. "Wakiuliza tutasema mtandao ni mbovu."

"Lakini mtandao si mbovu."

"Nimesema zima."

Nikazima. Majibu hayakwenda, wala maswali hayakuja, na nyumba ikawa kimya kwa namna niliyoichukia.

Muuguzi wa utafiti aliona majibu yamekatika, akapiga simu ya kawaida. Baba aliipokea akiwa kwenye kiti chake sebuleni. Mama alikuwa anakunja nguo, mimi namsaidia.

"Hatujapata majibu yako," muuguzi alisema, sauti yake ikisikika hadi tulipo. "Uko salama?"

"Niko salama kabisa, nesi. Tatizo ni mtandao. Huku kwetu ni mbovu sana." Akameza mate. "Mnara wenyewe umechoka. Haufai kitu."

Shati alilokuwa akikunja mama lilibaki hewani.

Muuguzi akaaga. Baba akaishusha simu mapajani, na kabla sijakunja nguo nyingine, kidevu chake kilikuwa kimeangukia kifuani.

"Umesikia?" mama aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Nimesikia."

"Ameutukana mnara wake." Aliliweka shati chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Aliwahi kugombana na jirani kwa ajili ya ule mnara, akamwacha mgeni mezani. Huyu anayeketi hapa si mume wangu, mwanangu. Ugonjwa unamla, na mimi nimekaa nakunja nguo."

Akaichukua ile simu kutoka mapajani kwa baba taratibu, akanipa. "Washa data. Fungua ukurasa wa ndugu."

Nikafungua.

"Soma."

"Je, mgonjwa husinzia mchana?"

Mama alimtazama baba, kisha akanitazama mimi. "Wewe unaona nini?"

"Amelala, mama."

"Basi bonyeza unachokiona."

Tukaenda hivyo hadi mwisho. Kusinzia, ndiyo. Kutetemeka, ndiyo. Kupotea njia, ndiyo, kwa sababu juzi jirani alimkuta nyuma ya shule akiuliza kwetu ni wapi. Nilipobonyeza Tuma, mshale mdogo ulianza kuzunguka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliomba mnara wa baba uzimike. Niliviwaza vile vipande vikipanda kilimani, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na namba yake, vikienda kuwaita watu wenye sindano.

Mshale ukasimama. Kioo kikaandika: Imefika.

Simu iliita muda mfupi baadaye. Mlio wake ulimwamsha baba. "Asante kwa kutuambia," muuguzi alimwambia mama. "Gari litakuja asubuhi."

Baba alielewa kabla hajaelezwa. "Mmeniuza!" alifoka. "Mke wangu na mwanangu, mmeniuza!"

"Nani akuuze?" mama alisema, machozi yakimtoka. "Nani angenunua mtu anayelala kutwa?"

Baba akaanza kucheka, kicheko kibovu kilichogeuka kilio. Mama alikwenda kumshika kichwa. Mimi nilimchukua mdogo wangu, nikamtoa nje.

Hospitali walichukua tena maji ya mgongo. Vimelea vilikuwa vimerudi. Daktari mwenye miwani ya uzi alikuja kuketi kando ya kitanda.

"Nipe hiyo sindano tuimalize," baba alisema, akitazama ukuta.

"Sindano gani?"

"Iliyomchoma shemeji yangu."

Daktari alitikisa kichwa. "Dawa ile hatumpi mgonjwa kama wewe, baba. Vidonge vikishindwa, tunayo dawa nyingine ya dripu, iliyotufikia baada ya shemeji yako kufariki, na haiunguzi mshipa. Ilikuwa kwenye zile karatasi nilizowasomea."

Mama alishika mdomo. "Siku ile mimi sikusikia chochote. Baada ya neno malale, masikio yaliziba."

"Nami nilisikia vidonge tu," baba alisema.

"Mngeniuliza."

"Tuliogopa jibu," mama alisema.

"Hiyo dripu itamponya?" niliuliza mimi.

Daktari alinigeukia. "Siwezi kukuahidi. Imeponya wengi. Lakini baba yako amechelewa."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kila mara baba alipofumba macho nilitazama kifua chake kama kinapanda. Mama hakutoka kando ya chupa ya dripu. Aliangalia kila tone lililoshuka, na baba alipokunja uso alikurupuka kumwita muuguzi. Kulikuwa na asubuhi moja baba hakutujua. Aliniita kwa jina la mjomba. Mama alitoka nje ukumbini, akarudi uso umeoshwa, akaketi tena.

Kisha homa ikashuka. Baba akaomba chakula, akala, akabaki macho. Alasiri moja fundi cherehani alikuja kumtazama, akaketi huku akilalamika kwamba simu yake haifungui kitu.

"Lete nione," baba alisema. Akaitazama. "Mawimbi yamejaa. Bando lako limekwisha."

Mama alicheka hadi wagonjwa wengine wakageuka.

Daktari alipopita kumwona, baba alimuuliza jambo lililokuwa likimsumbua. "Majibu yangu ya uongo, yalifanya nini?"

"Yalitupotosha," daktari alisema bila ukali. "Wapo wagonjwa wengine wachache ambao vidonge havikuwatosha. Wote walikuwa na vimelea kwenye ubongo tangu mwanzo, kama wewe. Lakini wewe ulikuwa unatuambia umepona. Tulikaribia kuandika kwamba dozi ile inawatosha watu wa hali yako. Wangepewa wengi, na wangeugua tena."

Baba aliinamisha kichwa. Daktari alipoondoka, akaniita karibu.

"Unakumbuka nilivyokueleza kuhusu vipande vya data?"

"Nakumbuka."

"Kipande kikipotea njiani si kosa la mtu. Wanaokingoja wanaona pengo, wanakiomba tena. Mimi sikupoteza kipande. Nilituma kipande cha uongo chenye namba sahihi, nao wakakipanga mahali pake. Nani angeomba kingine?" Alinishika mkono. Wake ulikuwa bado unatetemeka kidogo. "Mgonjwa akiogopa, aseme kwamba anaogopa. Hilo nalo ni jibu, na lina dawa yake. Lakini akidanganya kuhusu mwili wake, anamdanganya daktari, na wagonjwa wote watakaokuja nyuma yake. Mimi nilijua jinsi jibu linavyosafiri, nikasahau kwamba kuna mtu upande wa pili analisoma."

Mama alikuwa anasikiliza. "Na mimi niliyesema usiwaambie?"

"Wewe ulikuwa unaogopa kwa sababu ya kaka yako," baba alisema. "Hata mimi."

Hapo ndipo tulipomtaja mjomba kwa mara ya kwanza bila kunong'ona. Mama alieleza jinsi alivyokuwa akiinama kupita kila mlango, hata ule usiomhitaji ainame, na tukacheka, na mama akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Utafiti ule uliisha. Dozi ilirekebishwa: wagonjwa ambao vimelea vimeshafika kwenye ubongo hupewa vidonge kwa muda mrefu zaidi. Baba bado ni fundi, ila sasa hufanya kazi chini, kwenye mitambo, na vijana ndio wanaopanda. Zahanati iliyo chini ya kilima inatoa vidonge hivyo. Mtu akipimwa asubuhi na kukutwa na vimelea, anapewa chakula kwanza, kisha anaanza kumeza siku hiyohiyo.